Safari ya Chalbi na Mtu Aliyeijua Nchi Yangu

Nilimdharau siku ya kwanza, hata kabla sijamchoma sindano. Aliingia kwenye kliniki ya chanjo za wasafiri ninakofanya kazi, hapa Toronto, amevaa suruali ya mifuko mingi na buti za ngozi zenye vumbi jekundu. Nje theluji ilikuwa imefika magotini. Vumbi lile sijui alilitoa wapi.

Alisoma jina langu kifuani, akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

"Wewe ni wa wapi?"

"Kenya."

"Kenya sehemu gani?"

"Nakuru."

"Ah, mjini," akasema kwa sauti ya kunihurumia. "Mimi nchi yako nimeivuka mara kumi na moja. Nadhani naijua kuliko wewe."

Nikamdunga. Sikumdunga kwa upole.

Kumbe kazi yake ilikuwa kuongoza misafara. Kila mwaka alikusanya Wakanada saba au wanane, akawapeleka kaskazini mwa Kenya, wakapanda magari makubwa na kupita jangwani pasipo na barabara, wakilala kwenye mahema siku kumi na mbili. Mwaka huo watu wa bima walikuwa wamemwekea sharti: lazima awepo mhudumu wa afya. Na mimi hapo mbele yake nilikuwa muuguzi, tena najua Kiswahili. Alinipa ofa kabla hajashusha mkono wa shati. Angenilipia tiketi ya ndege, na msafara ukiisha ningeweza kubaki kwetu wiki mbili kabla ya kurudi.

Mama yangu yuko Nakuru. Nilikuwa sijamwona kwa miaka minne. Ningependa kusema kwamba niliomba muda nifikirie, lakini sikuomba. Nilikubali nikiwa bado nimeshika pamba yenye damu yake.

Nyumbani kwetu Crescent Town binti yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Ana miaka kumi na saba, Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. "Mama, wewe? Kwenye hema?" aliuliza. Alikuwa na haki ya kucheka. Alipokuwa mdogo nilikataa asiende kupiga kambi na wenzake wa shule, nikamwambia kwamba babu yake alifanya kazi maisha yake yote ili sisi tulale ndani ya nyumba yenye mlango. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nakwenda kulala nje, tena na watu waliolipa ili wakose mlango.

Mwezi wa tano kiongozi alituita kwenye mafunzo. Ilikuwa Jumamosi, kwenye machimbo ya mchanga kaskazini mwa mji, mvua ya baridi ikinyesha. Tulifundishwa kupunguza upepo kwenye matairi, kuchimba mchanga kwa beleshi, na kuwasha moto bila kiberiti. Nilisimama pale na mwavuli wangu nikitazama watu wazima wanane, wenye nyumba na pensheni, wakisugua vijiti kwenye mvua. Hakuna aliyepata hata moshi. Kiongozi alisema hiyo ni kwa sababu ya unyevu, kule itakuwa rahisi.

Kisha akatuhutubia. "Mnakokwenda hakuna mtu," alisema. "Hakuna barabara, hakuna simu, hakuna kitu. Ni ninyi na ardhi." Wakaitikia kwa vichwa kama waumini.

Katika kundi lile kulikuwa na mama mmoja wa miaka sabini na mbili, mjane, ambaye zamani alikuwa na duka la maua. Huyu nilimdharau zaidi ya wengine wote. Alivaa glavu nyeupe za pamba na kofia yenye wavu wa mbu ulioshuka mpaka mabegani, na kila nusu saa alinisogelea kuuliza swali. Nyoka wapo? Nge je? Maji ya kule yana ladha gani? Nilimwambia sijui, mimi ni wa Nakuru. Akasema, "Lakini ni nchi moja, siyo?" Niliona uvivu kumjibu.

Tuliondoka mwishoni mwa mwezi wa kumi. Jambo la kwanza lililomuudhi kiongozi kule Kenya lilikuwa lami. Kutoka Isiolo hadi Marsabit na kuendelea mpaka mpakani kuna barabara nzuri ya lami; basi la abiria linapita kila siku, watu wamelala na midomo wazi. Yeye hakutaka wateja wake waione. Kwa hiyo tulipovuka Laisamis alituchepusha tukafuata njia ya zamani ya vumbi, inayokwenda sambamba na ile mpya. Nusu siku nzima tulirushwarushwa kama mahindi kwenye kikaango. Mteja mmoja, mhasibu, alinyoosha kidole dirishani akauliza, "Lile ni lori?" Lilikuwa lori, na nyuma yake lingine, yanakwenda kwa raha mita mia tatu kutoka tulipokuwa tunameza vumbi. Kiongozi alisema hiyo ni barabara ya huduma. Mhasibu akaridhika. Nilishangaa mtu wa namna hiyo alivyoaminiwa kushika hesabu za wenzake.

Dereva mkuu alikuwa mzee wa Marsabit, miaka sitini hivi, mwembamba, amejifunga shuka kiunoni na ana kofia ya kufuma kichwani. Chini yake kulikuwa na madereva wengine wawili. Mimi nilimwita mzee; yeye aliniita daktari, na kila nilipomsahihisha kwamba mimi ni muuguzi aliitika "sawa, daktari." Kazi yangu ya pili ilikuwa kutafsiri kati yake na kiongozi, kwa kuwa kiongozi, pamoja na kuvuka nchi yangu mara kumi na moja, Kiswahili chake kilikuwa jambo, asante, na twende.

Jioni ya kwanza mzee aliniuliza, "Daktari, umetoka Kenya lini?"

"Sikutoka Kenya, mzee. Nimetoka Canada."

"Hapana. Hiyo najua. Nauliza Kenya. Nairobi, Nakuru, hizo pande za chini. Uliondoka huko lini ukaja hapa kwetu?"

Nilimjibu kwamba tuliondoka jana asubuhi. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni. Nilielewa vizuri kwamba kwake mimi na yule mama wa glavu tulishuka kwenye gari moja.

Siku zilizofuata kiongozi aliendelea kutuonyesha mahali pasipo na mtu. Palikuwa na watu kila mahali. Tukisimama chini ya mgunga kupika chai, anatokea mwanamke na mbuzi wake, anatusalimu, anaomba mtungi mtupu. Tukifika kwenye bonde, kiongozi akatangaza kwamba hapa hakuna binadamu aliyewahi kulala, mimi naokota kopo la samaki na betri za redio kwenye majivu. Wazee wenye ngamia walitupita wakiongea na simu. Wateja walipiga picha, lakini kwanza walisubiri mzee aliye na simu aiweke mfukoni. Mara moja kiongozi alinituma nimwombe mchungaji mmoja avue saa. Nilimwambia sijui neno hilo kwa Kiswahili.

Siku ya sita tulifika ukingo wa Chalbi. Ni uwanda mweupe wa chumvi, tambarare kama meza, hauna mwisho. Nakiri palinipendeza, na ninamchukia kidogo kiongozi kwa kuwa ndiye aliyenipeleka. Alikuwa amepanga tuukate katikati, moja kwa moja kuelekea North Horr, kwa sababu picha za magari matatu yakipita kwenye chumvi ndizo zilizouza safari zake.

Asubuhi ile mzee alitembea mbele ya kambi peke yake, akachimba kwa kisigino, akainama, akarudi.

"Mwambie tusipite katikati," aliniambia. "Mvua imenyesha juu kule kwenye vilima vya Huri. Maji yameshuka chini kwa chini. Juu unaona kavu, lakini ndani ni uji. Tuzunguke pembeni kwenye mawe, tupitie Kalacha. Tutachelewa kwa saa nne tu."

Nikatafsiri, neno kwa neno. Kiongozi alitoa kifaa chake cha ramani, akakigeuza anionyeshe mstari wa bluu. "Hii ni njia niliyopita mwaka jana," alisema. "Mwambie nimeiweka alama."

Nikamwambia mzee. Mzee akauliza, "Alipita mwezi gani?"

"Wa pili," kiongozi akajibu nilipotafsiri.

"Mwezi wa pili hata mimi ningepita na baiskeli," mzee akasema. "Leo hapana."

Hilo nalo nikalitafsiri. Kiongozi akacheka, akampiga mzee begani, akasema nimwambie kwamba ndiyo maana hii inaitwa safari. Kisha akaomba funguo za gari la kwanza aendeshe mwenyewe. Mzee alimpa. Akakaa kando yake na mikono yake mapajani.

Tulikwenda vizuri kama dakika arobaini. Mimi nilikuwa gari la pili. Niliona gari la mbele likipunguza mwendo, kama limechoka, kisha likashuka pua. Sauti yenyewe haikuwa kubwa, kama ya mtu anayekaa kwenye godoro. Dereva wetu alikanyaga breki, na gari letu nalo likazama. Gari la tatu lilikuwa nyuma kabisa, kwenye ardhi bado ngumu. Mzee alichomoka akikimbia huku akipunga mikono lisimame, na likasimama. Mpaka hapo bado tulikuwa salama. Tungefunga kamba ndefu, tungetandika mawe, tungetoka kabla ya chakula cha mchana.

Kiongozi alitoka kwenye gari lake, tope likifika juu ya buti, akaliashiria gari la tatu lije karibu livute. Dereva wake akamtazama mzee. Mzee akatikisa kichwa. Kiongozi akapiga kelele, "Twende! Twende!" Neno lake moja kati ya matatu. Dereva yule alikuwa ameajiriwa naye, basi akaja. Gari la tatu nalo likazama, mita kumi nyuma yetu.

Tulichimba mpaka jua likawa juu ya kichwa. Tope lile ukitoa beleshi moja yanarudi mawili. Wale waliojifunza kuchimba kwenye machimbo ya Ontario walichoka kwa robo saa. Kiongozi alizunguka akipiga picha za video, akijirekodi na uso uliopakwa tope. "Hii ndiyo mliyokuja kuitafuta," aliwaambia wateja. Nilimwambia apige simu. Alikuwa na simu ya setilaiti kwenye sanduku la njano. Alisema simu ni ya dharura.

"Na hii ni nini?"

"Hii ni changamoto," akajibu.

Tulilala pale. Alfajiri, watu karibu wote wakiwa kwenye mifuko yao ya kulalia, mzee alikuja akaniita. Alikuwa amejaza chupa mbili za maji na kuvua viatu visimezwe na tope, ameviweka juu ya paa la gari.

"Nakwenda Kalacha kwa miguu," alisema. "Kesho asubuhi nitarudi na watu. Wewe waweke kivulini, wasitembee tembee. Huyo mama wa kofia umwangalie. Jana hakukojoa."

Nilishtuka. Mimi ndiye muuguzi, na jambo hilo sikuliona. Nilikuwa nimeshughulika sana kumdharau. Mama mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni mwa hema lake, akiwa macho, na glavu zake mkononi. Alimtazama mzee akiondoka mpaka akawa kidoa, kisha hata kidoa hakikuonekana. Nilimpima. Akili zake zilikuwa sawa, ila midomo ilikuwa imekauka. Nikampa maji, nikamwambia aendelee kunywa hata kama hataki.

Kiongozi alikuwa amelala ndani ya gari la kwanza na buti zake. Alipoamka saa mbili na kuambiwa, alikasirika kama mtu aliyeibiwa. "Ametukimbia," alisema mbele ya wateja wote. "Miaka mingi nimemwamini, na ametukimbia." Nilimweleza alikokwenda. Akasema hakumruhusu.

Saa nane mchana mama wa maua alianza kutapika. Ngozi yake ilikuwa kavu na inachoma, akawa ananiita kwa jina la dada yake. Tulimwingiza chini ya kivuli cha gari, dereva wa gari la tatu na mimi, tukamvua zile nguo zake tatu za kuzuia jua. Nilichanganya ile dawa ya unga ya kuongeza maji mwilini nikawa namnywesha kwa kijiko, na katikati nikamfunika mwili mzima kwa shuka lililolowa huku dereva akimpepea kwa ubao wa kukatia mboga. Kiongozi alikuja akasimama juu yetu, akasema maji ya kunywa yasimwagwe ovyo. Ndipo nilipomtukana kwa Kiswahili, tusi ambalo mama yangu hajui kwamba ninalijua. Dereva alicheka, ubao ukamponyoka.

"Umesemaje?" kiongozi akauliza.

"Nimesema alete simu."

Akaileta. Betri ilikuwa imekufa. Hakuwa ameichaji tangu Nairobi, kwa sababu chaja ilitumika kwa kamera.

Nilikaa na yule mama mpaka jua liliposhuka na joto la mwili wake likashuka nalo. Alipopata fahamu vizuri aliniomba radhi kwa usumbufu. Nikamwambia anyamaze, anywe.

Mzee alirudi kesho yake kabla ya saa tano, kama alivyosema. Alikuja na lori lililokuwa likipeleka mbuzi sokoni Marsabit. Mbuzi walikuwa wameshushwa Kalacha, na mahali pao walijaa wanaume kumi na mmoja, mbao, mikeka ya majani ya mikoche na waya mrefu wa chuma. Lori lilisimama mbali, kwenye ardhi ngumu. Wale wanaume walifanya kazi wakiimba na kututania kwa lugha yao, na kufikia alasiri magari yote matatu yalikuwa nje. Kiongozi alirekodi kila kitu. Mwishoni alimkumbatia mzee mbele ya kamera. Mzee alisimama kama nguzo mpaka alipoachiwa.

Jioni ile, Kalacha, niliosha miguu yake. Nyayo zilikuwa zimechanika kwa chumvi. Nilipokuwa namfunga bandeji mteja mmoja alipita akamuuliza hali yake, na mzee akamjibu kwa Kiingereza safi, sentensi nzima nzima, kwamba si kitu, miguu hupona, asante sana kwa kuuliza.

Nikasimamisha mkono. "Mzee, kumbe unajua Kiingereza?"

"Nilifanya kazi na wapima ramani miaka tisa."

"Sasa kwa nini nilikuwa natafsiri?"

"Wewe ukitafsiri, mimi napata nafasi ya kufikiri," alisema. "Na pia uliletwa kwa kazi hiyo. Ningekunyang'anya?"

"Labda ungemwambia mwenyewe kwa Kiingereza angekusikia."

"Alinisikia, daktari. Kusikia si shida yake."

Nilikwenda Nakuru, nikakaa na mama yangu, nikarudi Toronto. Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini mwezi wa pili kiongozi alinialika kwenye jioni ya picha, kwenye duka la vifaa vya kambi upande wa magharibi wa mji. Alitaka kuandikisha watu wa msafara ujao. Mkuu wangu wa kliniki alinisihi niende, kwa kuwa wasafiri wa kiongozi huja kwetu kuchanjwa. Nikaenda, nikakaa mstari wa nyuma na koti langu. Palikuwa na watu kama sitini, na harufu ya kahawa na mahema mapya. Mama wa maua alikuwa mstari wa pili, amekonda.

Picha zilipofika Chalbi kiongozi alishusha sauti. Alisema dereva wake wa miaka mingi aliingiwa na hofu akatoroka. Alisema alfajiri aliwatazama wateja wake waliolala na kuamua kwamba mtu mmoja lazima aende. Kisha ikatokea picha: yeye mwenyewe, kwa nyuma, anatembea peke yake kwenye uwanda mweupe. Picha hiyo ilipigwa siku mbili baadaye, karibu na Kalacha. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mpiga picha, nimeshika kofia ya kiongozi.

"Na muuguzi wetu yuko hapa leo," akasema. "Yeye ni mzaliwa wa kule. Atawaambia ilivyokuwa."

Sitini wakageuka. Nilisimama. Nilikuwa nayo yote mdomoni, kwa mpangilio, miezi mitatu nilikuwa naisimulia jikoni kwangu. Nikasema, "Ilikuwa safari ngumu. Tunashukuru tulirudi salama." Nikakaa.

Sikumwogopa. Nimelitafuta jibu hilo la uoga, halipo. Nadhani ilikuwa mazoea tu. Miaka kumi na tano hapa nimekuwa nikitabasamu kazini, kwenye lifti, kwenye mikutano ya wazazi, na mbele ya nyuso sitini za namna ile uso wangu ulifanya kazi yake bila kuniuliza. Watu walipiga makofi.

Mama wa maua akainuka, akishikilia kiti cha mbele.

"Huo ni uongo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini duka lote lilisikia. "Yule mzee ndiye aliyekwenda. Nilimwona akiondoka. Aliacha viatu vyake juu ya gari. Wewe ulikuwa umelala."

Kiongozi alicheka kwa upole, kama daktari wa watoto. Alisema tuwe na subira, rafiki yetu alipatwa na joto kali sana kule, na joto likipanda namna hiyo mtu huona mambo. "Muuguzi anaweza kuthibitisha," akasema. "Alichanganyikiwa, siyo kweli?"

Alinitazama kwa uhakika kabisa. Nafikiri ni uhakika ule ulionisimamisha mara ya pili, maana ujasiri sikuwa nao.

"Alichanganyikiwa saa nane mchana," nikasema. "Alfajiri alikuwa timamu. Mimi ndiye niliyempima. Mzee aliondoka alfajiri, akaniaga, akarudi kesho yake na lori. Hiyo picha ilipigwa Kalacha."

Mtu mmoja alikohoa. Kiongozi akasema kwamba jangwani kila mtu hubaki na ukweli wake, akabonyeza picha inayofuata, ambayo ilikuwa ya machweo. Watu kama kumi waliondoka. Wengine walibaki, na mwishoni walipanga foleni kujiandikisha. Mhasibu wetu wa lori alikuwemo kwenye foleni ile, anarudi mara ya pili. Nilimtazama akijaza fomu kwa kalamu yake mwenyewe.

Tulisubiri tramu pamoja, mama wa maua na mimi, kwenye baridi ya kukata masikio. Alikuwa amevaa glavu nene za sufu.

"Mbona mara ya kwanza ulinyamaza?" akaniuliza. Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza kama alivyouliza habari za nge.

"Sijui," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Tramu ikaja, akashuka vituo vitatu kabla yangu. Hatujaonana tena.

Jumapili baada ya kanisa nilimpigia mzee. Nilitaka asikie kila kitu, kuanzia picha mpaka lile neno la kutoroka. Nilimweleza kwa hasira, nikazungukazunguka sebuleni, binti yangu akiniashiria nipunguze sauti. Upande wa pili nilisikia redio, na mtu akipiga kitu kwa nyundo.

"Ndiyo," mzee alisema nilipomaliza. "Alinipigia juzi. Anakuja tena mwezi wa saba."

"Na ulimwambiaje?"

"Nilikubali. Lakini nilimwambia gari la kwanza naendesha mimi, na funguo zinakaa kwangu, hata akiwa anapiga picha. Akasema sawa."

"Mzee, amekuita mtoro mbele ya watu sitini!"

"Watu sitini wa wapi?"

"Wa huku. Toronto."

"Mimi siwajui," alisema. Nyundo ilisimama, akamwambia mtu jambo kwa lugha yao, kisha akarudi kwenye simu. "Wewe ndiye unakaa nao, daktari. Pole sana."

Aliniuliza habari za mama yangu, nikamwambia anaendelea vizuri, akaniuliza kama kwetu Nakuru mvua imenyesha. Nikamwambia nitapiga simu niulize.